Kengele Isiyochongea

Jina la Mama Kodi alipewa na mama mkwe wake, tena bila kukusudia. Jirani mmoja aliuliza yule mkwe anayeshinda mbele ya kompyuta anafanya kazi gani hasa. Bibi yule alikuwa amewahi kumsikia mwanawe akisema kwamba mkewe "anaandika kodi", basi akajibu kwa fahari kuwa mkwe wake ni mtu wa kodi. Wiki haikuisha, mwenye duka la rangi akabisha hodi na mfuko wa risiti, akaomba apunguziwe. Akaelezwa taratibu kwamba kodi zinazoandikwa humu ndani ni maneno ya kuiamuru kompyuta, hazina uhusiano na zile za serikali. Yule bwana alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Sasa hizi risiti nikuachie?"

Jina likaganda.

Mama Kodi alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, sauti yake ya chini na ubishi wake wa juu. Kazi ya mshahara aliifanya kwenye kampuni iliyotengeneza programu za maduka na maghala: sukari imebaki mifuko mingapi, sabuni ipi haitoki. Ofisi ilikuwa chumba kirefu juu ya benki, chenye zulia la kijivu na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo mchana kutwa. Nyumbani alikuwa na meza nyingine, imebanwa kwenye kona ya sebule kati ya mifupa ya majokofu. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na kila jokofu lililomshinda karakanani alilileta nyumbani "lipumzike". Juu ya meza hiyo palikaa kompyuta kuukuu iliyong'oka herufi ya N, ikabaki kichuchu cha mpira, naye akakizoea kichuchu chake. Ya ofisini aliyaacha ofisini. Hapa aliandika ya kwake.

Na la kwake kubwa kuliko yote lilianzia saluni.

Mdogo wake wa kike alikuwa msusi. Alikuwa pia na ugonjwa wa kumeza dawa kila siku, asubuhi na jioni, bila kuruka. Ugonjwa gani? Hilo analijua yeye, daktari wake na dada yake, na hata hapa halitatajwa. Alikuwa na afya njema, mikono myepesi, na wateja waliokubali kusubiri kwenye benchi hadi miguu ife ganzi ili mradi asuke yeye. Simuni alikuwa na programu ya kumkumbusha dawa, ya bure, yenye picha ya ua.

Siku moja mteja alikuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, akaazima simu ya msusi achague mtindo kwenye picha. Akiwa anapekua, likachomoza tangazo: dawa ya ugonjwa ule ule, ugonjwa ukitajwa kwa jina kamili, na chini yake maneno "Hauko peke yako". Mteja akalitazama tangazo. Akamtazama msusi kupitia kioo. Alipomalizwa akaaga vizuri kupita kawaida.

Baada ya hapo nyudhuru zikaanza. Huyu kasafiri, yule kaamua kunyoa. Mmoja akaja na kitana chake na taulo lake kutoka nyumbani, akacheka sana kuficha sababu.

"Sikumwambia mtu," msusi alimwambia dada yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, saluni tupu, feni inazungukia hewa. "Dada, naapa, sijafungua mdomo. Nani kasema?"

"Lete simu yako."

Mama Kodi akaenda nayo nyumbani, akaiunganisha na kompyuta kwa namna ambayo kila kinachotoka simuni kwenda kwenye intaneti kingepita kwanza mlangoni kwake. Akafungua ile programu yenye ua, akabonyeza "Nimemeza". Papo hapo maneno yakamiminika kwenye skrini: jina la dawa, saa, mtaa, aina ya simu, na namba ya kumtambulisha mwenye simu. Yote yalikwenda kwa wauza matangazo ambao mdogo wake hakuwahi kuwasikia hata majina. Ua lile zuri lilikuwa na domo.

"Aliyesema ni simu yako," akampa habari.

Msusi akacheka kicheko kisicho na furaha. "Na mimi ndiye ninayeichaji."

Mama Kodi alikaa kwenye kona yake akaandika kama mtu anayetwanga. Aliiita Kengele. Saa ya dawa ikifika inaita. Unameza, unabonyeza, inanyamaza. Haikuuliza jina, wala ulipo, wala unaumwa nini. Zaidi ya hayo, haikuwa na ruhusa ya kuigusa intaneti hata kwa bahati mbaya. Mlango huo hakuufunga, hakuujenga kabisa. Kisha msimbo wote, yaani yale maneno ya kuiamuru simu, akauweka hadharani kwenye tovuti wanakokutana waandishi wa programu, asome atakaye. Akaupa leseni huria: chukua, tumia, badilisha, mgawie umtakaye; ila ukiwagawia watu uliyoibadilisha, nawe uoneshe wazi ulichobadilisha.

"Mbona unaweka wazi?" msusi akashtuka. "Si ulisema ni mambo ya siri?"

"Kilicho wazi ni mashine yangu. Siri ni dawa yako, na hiyo inabaki kwenye simu yako. Nataka kila mwenye macho achungulie humo ndani, ahakikishe hamna domo jingine."

"Na jina langu?"

"Halimo."

"Mtu asijue ilianzia kwangu. Dada, niahidi."

"Nimekuahidi."

Kengele ikaenda kimya kimya, simu hadi simu. Mtu ambaye Mama Kodi hakumjua, aliyejiita Kobe, akaanza kumletea masahihisho. Kobe hakuwa na haraka na dunia. Aliandika Kiswahili cha kunyooka, akaeleza kosa liko mstari upi, akaleta dawa yake, akatoweka, akarudi na jingine. Alikuwa nchi gani, mwanamume au mwanamke, Mama Kodi hakuuliza. Ingekuwa aibu, kwa kazi waliyokuwa wakiifanya. Wakaja na wengine. Mmoja akaongeza mlio wa kutetemeka kwa wasiosikia, mwingine akarekebisha saa kwa wanaofanya kazi za zamu. Nesi wa zahanati ya mtaani akaanza kuwaelekeza wagonjwa: "Pakueni ile ya Kengele, haina maswali mengi."

Hapo ndipo bosi alipomwita ofisini kwake na kumwagizia chai.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Aliianzisha kampuni kwa jasho lake, alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wake, na ukimwona tu ulijua ana mishahara ya kufikiria. Akaisifu Kengele mpaka Mama Kodi akaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Kampuni ya bima ya afya wameipenda," bosi akasema. "Wanataka waisambaze kwenye zahanati zote wanazozilipia. Hebu fikiria!"

"Waisambaze, bosi. Iko wazi kwa kila mtu."

"Wanaomba maboresho kidogo tu. Mgonjwa akibonyeza, na wao wajue kwamba amemeza. Kwa faida yake. Anayesahau, wampigie wamkumbushe."

"Na anayesahau mara nyingi?"

Bosi akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Sera zao za bima sizijui kwa undani."

"Mimi nazijua juu juu tu, na zinanitosha."

"Mama Kodi, wewe ni mwajiriwa wa kampuni hii."

"Na Kengele nimeiandikia nyumbani, kwa kompyuta isiyo na N. Halafu si yangu peke yangu. Wameiandika watu wengi, wengine hata sura zao sizijui. Ni kama nyumba ya ukoo. Siwezi kuiuza, na hata ningeweza nisingeiuza."

"Leseni yako mwenyewe inasema yeyote anaweza kuichukua."

"Chukueni. Badilisheni mtakavyo. Mkiigawa, wekeni wazi mlichoongeza kama leseni inavyotaka, na mwandike kwa herufi kubwa mbele: hii inapeleka habari kwa bima. Anayetaka apakue akijua."

"Tukiandika hivyo nani atapakua?"

"Umejijibu, bosi."

Jioni akamsimulia mumewe, ambaye alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya jokofu akitafuta tundu la gesi kwa povu la sabuni.

"Mama watoto," mume akasema bila kutoka, "sikwambii ukubali. Nakwambia uogope kidogo. Majokofu yenyewe unayaona."

"Naogopa. Ila siandiki."

"Basi." Akapaka povu. "Nilitaka kujua tu kama unaogopa, nisiogope peke yangu."

Kampuni haikumlazimisha. Kazi ikapewa mwenzake wa meza ya pili, na haukupita muda mrefu ikatoka programu iitwayo Kengele Bora, rangi zile zile, mlio ule ule, na nembo ya bima pembeni. Msimbo wake haukuonekana popote. Kobe aliandika kwa adabu kuuomba, akanyamaziwa. Akaandika tena. Akanyamaziwa tena.

Mama mkwe ndiye aliyeileta ndani ya nyumba. Alirudi kutoka zahanati akiwa na fulana mpya ya bure yenye nembo ya bima, na furaha yake.

"Mkwe wangu, programu yako imekuwa kubwa! Nesi kanibadilishia kwenye simu, kaambiwa ile ya zamani imepitwa. Hii mpya mtu ananipigia kabisa, 'Bibi, umekunywa ya presha?' Kijana ana sauti nzuri."

Mama Kodi akaweka kijiko chini. "Mama, simu yako naomba. Niangalie kitu, kama unaruhusu."

"Tangu lini unaomba ruhusa?"

"Tangu leo."

Akaipitisha mlangoni kwake kama alivyofanya zamani kwa ile ya mdogo wake. Mama mkwe akavuta kiti, akavaa miwani, akasoma mwenyewe mistari ikipita.

"Kwa hiyo kuna mtu anajua nimemeza au sijameza?"

"Na ulikuwa wapi ulipomeza."

"Hata marehemu mume wangu hakuwa na ruhusa hiyo!" Bibi akasogea karibu zaidi na skrini. "Na hapa pameandikwa nini? 'Daraja la hatari: juu.' Hatari ya nani?"

"Yako, Mama. Ukiruka dawa wanakuandika. Ukirukaruka sana, mkataba wako ukiisha wanakupandishia mchango."

Bibi akavua miwani akaifuta kwa kitambaa cha kichwani. Mtoto mmoja wa nyumba akaingia kuomba maji, akaona sura za watu wazima, akatoka bila maji.

Kwanza Mama Kodi alijaribu njia za kistaarabu. Aliandika kwenye tovuti ile, akaeleza kila mstari alioukuta. Waandishi wa programu wakaelewa na kukasirika. Wagonjwa hawasomi tovuti ile. Akampata mwandishi wa habari, mwanamke mchangamfu mwenye kalamu sikioni, aliyesikiliza kwa makini na kusema habari ni nzito.

"Ila nahitaji sura," mwandishi akasema. "Mtu aliyeumizwa. Simu kusema siri haina picha. Nipe mgonjwa aliyepoteza kazi, wateja, ndoa, kitu kama hicho. Nitamficha jina."

"Utamficha jina, na sauti yake? Na mtaa wake? Na kazi yake?"

"Kidogo kidogo lazima vionekane. Watu wanataka kumwona."

Mama Kodi alitoka pale akaelekea saluni moja kwa moja, akaketi kwenye benchi, akaanza kuongea habari za hali ya hewa. Mdogo wake alikuwa anachambua nywele za bandia, akazikusanya mapajani.

"Unataka kuniomba," msusi akasema.

"Sijaomba kitu."

"Umekuja saa za kazi, hujakagua nywele zangu, unanieleza jua limewaka. Unataka kuniomba nikaseme."

"Ingewasaidia watu wengi..."

"Nilikuomba kitu kimoja, dada. Kimoja!" Nywele zikamwagika sakafuni. "Ile yenye ua ilinitangaza bila kuniuliza. Wewe unaniuliza, halafu kwa kuwa wewe ni dada yangu nashindwa kukataa. Sasa tofauti iko wapi?"

Mama Kodi aliteremka kwenye benchi. Alipiga magoti akaokota nywele, fungu kwa fungu.

"Nisamehe," akasema chini pale. "Sitakuuliza tena. Na yule mwandishi nitampigia sasa hivi hapa hapa, usikie."

Akampigia. Akamwambia sura hakuna. Mwandishi akasikitika, akasema basi wakati mwingine. Habari ikafa siku hiyo hiyo.

Aliyefufua mambo ni mama mkwe. "Mnahangaika na sura," akasema akimenya viazi, "hii yangu ina kasoro gani? Presha yangu si siri. Mtaa mzima wanajua ninayo, na wanajua anayenipandishia ni mwanangu na majokofu yake. Ya kwangu naitoa mwenyewe kwa hiari. Wanataka kunionesha, nitajionesha."

Bima walikuwa wameandaa asubuhi ya uzinduzi uani mwa zahanati. Turubai likafungwa, viti vya plastiki vikapangwa, vipaza sauti vikajaribiwa mpaka mbwa wakalia. Bosi alikaa mstari wa mbele akiwa na tai. Afisa wa bima, kijana nadhifu mwenye sauti ya redioni, akaeleza faida za Kengele Bora, kisha akaomba mtumiaji mmoja ajitokeze aseme imemsaidiaje.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufika mbele kabla hajamaliza kuomba.

"Imenisaidia," akasema kwenye kipaza sauti. "Ila nina swali. Hii 'daraja la hatari: juu' mliyoniandika, ni hatari gani niliyo nayo mimi mjane?"

Kicheko kikapita turubani. Afisa akatabasamu, akasema bibi labda amechanganya na programu nyingine.

"Sijachanganya. Mkwe wangu yule pale na kompyuta yake. Nataka na wengine waone."

Watu wakageuka. Mama Kodi alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, ukingoni mwa turubai, kompyuta magotini. Bosi akafumba macho kama mtu aliyesikia breki. Afisa akamwashiria mtu wa mitambo, na kipaza sauti kikakatwa katikati ya neno.

Walikosea hesabu. Bibi yule alikuwa ameuza samli kwa kupayuka mitaani kabla afisa hajazaliwa. Aliweka kipaza sauti chini kwa heshima, akavuta pumzi, akaita, "Anayetaka kuona aje huku!" Viti vikaburuzwa. Nusu ya mkutano ikahamia kwenye benchi.

"Unga simu yako na kompyuta yangu, Mama," Mama Kodi akamwelekeza. "Bonyeza hapo palipoandikwa wifi."

"Wifi gani? Wifi yako mwenyewe hatujaongea tangu msiba."

Watu wakacheka. Simu ikaungana.

"Sasa bonyeza 'Nimemeza'."

"Lakini sijameza."

"Bonyeza tu."

"Nidanganye?"

"Unawadanganya bima, Mama."

"Hapo sawa." Akabonyeza.

Mistari ikashuka kwenye skrini, na Mama Kodi akaisoma kwa sauti, neno baada ya neno: namba ya uanachama, jina la dawa, uani mwa zahanati, saa ile ile, mara alizokosa, daraja la hatari. Waliokuwa na fulana za bure wakazitazama vifuani mwao.

Mwanamume mmoja mwenye buti za ujenzi akapenya mbele, simu mkononi. "Na mimi wananiandika nini?"

Mama Kodi alikaribia kuipokea. Akazuia mkono wake. "Ya Mama ametoa ruhusa mwenyewe. Yako ni yako, baba. Subiri." Akaigeuza kompyuta ikaelekea ukutani, akasogea kando, hata yeye mwenyewe asione. "Unga simu yako kama Mama alivyofanya, ukasome peke yako. Ukimaliza bonyeza hapa ifutike."

Yule bwana akaenda ukutani. Akasoma. Akarudia kusoma. Akafuta, akaiondoa Kengele Bora kwenye simu yake pale pale, akaondoka bila kumtazama mtu, taya zimekaza. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga yenyewe: mama mwenye mtoto mgongoni, mlinzi wa geti, mwalimu aliyejifanya amepita tu. Kila mmoja akaelekea ukutani peke yake. Nesi akawa wa mwisho. Alikaa huko kuliko wote, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Ni mimi niliyewawekea," akasema. "Niliambiwa ile ya zamani imepitwa."

Bosi alikuja, tai imelegea. "Umemaliza?" akamuuliza kwa sauti ndogo.

"Foleni bado ipo, bosi."

"Unajua unachokifanya kwa wenzako wa ofisini? Mkataba huu ndio ulikuwa mwaka wetu mzima."

"Najua. Ndiyo maana nilikukatalia mapema, upate muda wa kutafuta mkataba mwingine."

Bosi akaikaza tai yake, akarudi mstari wa mbele. Hilo ndilo neno lao la mwisho.

Mchana akapigiwa simu akachukue vitu vyake. Havikuwa vingi: kikombe, sweta la kujikinga na kiyoyozi, picha ya watoto. Mwenzake wa meza ya pili, aliyeiandika Kengele Bora, alimfuata ngazini.

"Niliambiwa ni takwimu tu," akasema. "Idadi, bila majina."

"Na ulipoona majina?"

Yule mwenzake akashika ukuta. "Niliogopa."

"Hata mimi naogopa kila siku. Ila mengine hayaandikwi hata ukiogopa." Mama Kodi alishuka ngazi na sweta lake. Hakuwa na hasira naye, ila kumfariji hakumfariji.

Kengele Bora haikufa siku ile. Kilichoimaliza ni leseni. Kobe na wenzake walioiandika Kengele ya kwanza waliungana, wakamtafuta wakili wa kujitolea, wakadai haki yao: mmetumia kazi yetu, mmegawa, sasa onesheni mlichobadilisha. Kampuni ikavuta miguu, ikatia visingizio, mwishowe ikauweka msimbo wazi. Waliojua kuusoma wakausoma. Kila kitu kilikuwamo, mpaka na sehemu iliyohesabu daraja la hatari na namna lilivyopandishwa kwa mtu anayeishi mtaa wa hali ya chini. Gazeti lile lile lililotaka sura likaandika sasa, bila sura ya mtu. Bima wakatangaza kwamba wameiondoa programu "kwa ajili ya maboresho". Msamaha hawakuomba. Wengine waliokwisha kupandishiwa michango hawakushushiwa, na Mama Kodi akikumbuka hilo mpaka leo hukunja ngumi chini ya meza.

Mwanzo wa maisha bila mshahara ulikuwa mgumu, na mume akatengeneza hata feni na pasi ili mkono uende kinywani. Kisha maduka yaliyomjua yakaanza kumtafuta mwenyewe: programu imegoma, ghala halikubali kuhesabu. Msusi akamwachia chumba cha nyuma ya saluni, kilichokuwa cha masanduku ya mafuta ya nywele. Baadhi ya wateja wa zamani wa msusi walirudi na wengine hawakurudi. Hakuwahi kuwauliza waliorudi wanajua nini. Ndugu hao wawili sasa wanafanya kazi wakitenganishwa na pazia, na mteja akiuliza huko nyuma kuna nani, msusi hujibu, "Mtu mmoja mkaidi."

Hivi majuzi Mama Kodi kapigiwa simu na ofisi kubwa ya serikali. Mzungumzaji alikuwa na lugha laini, akampongeza kwa mchango wake, akasema kuna hoja za usalama, na kwamba ingependeza Kengele ikiwekewa tundu dogo tu la kuchungulia, la kutumiwa na wahusika tu, kwa nadra tu.

"Hiyo 'tu' umeitaja mara ngapi?" Mama Kodi akauliza.

"Samahani?"

"Msimbo uko wazi, ndugu. Hamna haja ya kunipigia. Kaa usome wote, na ukikuta kosa tuandikie kama wanavyoandika wengine. Tundu sitoboi. Na nikitoboa kwa kulazimishwa, kila mtu ataliona siku hiyo hiyo, kwa kuwa tulivyoiandika haina mahali pa kulifichia."

"Tutawasiliana tena, mama."

"Karibuni. Saluni inafunguliwa asubuhi."

Akakata simu. Kwenye skrini yake kulikuwa na ombi kutoka kwa mzee wa mbali aliyelalamika kwamba herufi ni ndogo mno, anameza dawa ya asubuhi jioni. Mama Kodi akasogeza kiti, akaanza kuzikuza.